Sifa za Iafoni Inayosikika Ukiibinya

Wahenga wametuonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Iafoni yangu ililitia maji tembo lake siku ya tisa tu tangu niinunue, kabla sijaisifu hata kwa neno moja, kwa hiyo leo naweza kuimwagia sifa bila hofu ya kuiharibu. Niliipata dirishani mwa daladala, kwenye foleni ya Buguruni, kwa machinga aliyezitundika shingoni nyingi kama mganga na hirizi zake. Ni nyeusi, ina waya mrefu, na katikati ya waya kuna kipaza sauti kidogo chenye kitufe kimoja. Siku nane za mwanzo ilifanya kazi vizuri, ndiyo maana sina la kusimulia kuhusu siku hizo. Siku ya tisa ikaanza kuonyesha tabia, na hapo ndipo tulipoanza kuishi pamoja.

Tabia yenyewe ni hii. Ukiichomeka na kuiacha, inanyamaza. Ukiibana pini kwa kidole gumba, ukaisukuma ndani huku ukiiinua kidogo kuelekea juu, inasema. Ukilegeza, imenuna tena. Basi nikawa nasafiri kutoka Kariakoo hadi Tabata Bima simu ikiwa kifuani, gumba juu ya pini, shingo nimeilaza upande wa kulia ili waya usijivute. Katika mkao huo huwezi kuchati, huwezi kuangalia picha za harusi za watu usiowajua, wala huwezi kumjibu mtu kwa hasira kwenye grupu la ukoo. Mkono mmoja uko kazini, mwingine umeshika bomba. Siku moja mama mmoja aliyekaa siti ya pembeni alinitazama kwa huruma kuanzia Karume mpaka Ilala Boma, kisha akashindwa kuvumilia.

"Pole, baba. Hiyo shingo ipake mafuta ya karafuu."

Nikamwambia asante mama, nitapaka. Niambie, iafoni nzima ingenipatia wapi huruma ya namna hiyo ndani ya jiji hili?

Zikaja siku ambazo hata kubinya hakukutosha, na hizo ndizo zilizoniletea zawadi kubwa kuliko zote. Nilikuwa nasikiliza taarabu. Kinanda kikaingia, besi likaingia, fidla zikaingia, mwimbaji hakuingia. Nilimsikia kwa mbali sana, kama mtu aliyetumbukia kisimani na bado anamsema mwenzake. Nikadhani wimbo ndio ulivyorekodiwa. Nikabadilisha wimbo, naye wa pili akawa kisimani.

Ilinibidi niisome pini yenyewe, jambo ambalo mwenye iafoni nzima halifanyi maishani. Itazame kwa karibu: chuma chake kimegawanywa vipande vinne na vipete vitatu vya plastiki. Ncha ni ya sikio la kushoto, kipande kinachofuata ni cha kulia, na viwili vilivyobaki ni cha kipaza sauti na cha njia ambayo umeme wa masikio yote mawili huipitia wakati wa kurudi. Njia hiyo ya kurudia isipogusana vizuri na simu, umeme wa kushoto hauna pa kupita ila kwenye sikio la kulia, na wa kulia vivyo hivyo. Hapo sauti hizo mbili zinagombana. Kilicho sawa pande zote mbili kinafutana, kinachotofautiana kinabaki. Sasa mwimbaji, kwa heshima yake, huwekwa katikati kabisa ya wimbo, sawasawa kushoto na kulia. Kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kufutika, na wapiga vyombo waliotawanywa pembeni wanabaki wanatamba. Wapo watu wanaotafuta programu za kuondoa sauti ya mwimbaji ili waimbe wao. Mimi nilipata huduma hiyo bure, bila hata kuiomba.

Na faida yake kimaadili si ndogo. Kwa wiki tatu nilisikiliza mipasho isiyo na mipasho. Hakuna mke mwenza aliyesimangwa, hakuna jirani aliyeambiwa anapika kwa mkaa wa kukopa. Fidla tu na kinanda, watu wote wamepatana.

Nisionekane mtu niliyekaa tu nikipokea neema bila kuchunguza. Nilichunguza sana. Nilizima simu na kuiwasha. Nilivua kava, kwa sababu kava nene huizuia pini isifike mwisho. Niliingia kwenye mipangilio, nikashuka mpaka kwenye sehemu ya watu wenye mahitaji maalumu, nikakuta kidude cha kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, ambacho mtoto akikigusa bila kujua sikio moja linaweza kufa siku nzima. Changu kilikuwa katikati. Nilikagua Bluetooth, na hapa nakiri niligundua jambo. Simu ilikuwa imejiunga kimyakimya na sabufa ya sebuleni. Yaani jioni moja, wakati mimi nimelala chumbani nikibinya pini na kulaani ukimya, nyumba nzima ilikuwa inasikiliza kipindi cha redio kuhusu dalili za mwenza anayeficha mshahara. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, nami sitaliandika hapa.

Nilishuku pia ukabila. Usicheke, pini zina makabila mawili. Lile la CTIA linaweka njia ya kurudia kwenye kipande cha tatu na kipaza sauti mwishoni. Lile la OMTP linavigeuza. Simu nyingi za zamani zilikuwa za kabila la pili, za leo karibu zote ni za la kwanza, na ukiwaozesha bila kuulizana koo ndipo mwimbaji huyo huyo anapotumbukia kisimani. Kipimo chake kinafurahisha: bonyeza kitufe cha kipaza sauti na usikiachie. Kitufe hicho huviunganisha vile vipande viwili vya mwisho, na kama tatizo ni kabila, mwimbaji anapanda juu papo hapo, mzima, hajalowa. Nikabonyeza. Hakupanda. Nikafurahi kwamba ndoa ilikuwa halali, nikaendelea kuteseka.

Kubinya pini, nikuambie, ni kazi yenye nasaba. Pini ya umbo hili ilianza kwa wahudumu wa simu wa karne ya 19, waliokaa mbele ya mbao zenye matundu wakichomeka na kuchomoa ili kumuunganisha mtu na mtu. Ile kubwa ya milimita 6.35 inahesabiwa kuanzia mwaka 1878. Mdogo wake wa milimita 3.5 akapata umaarufu baada ya Walkman ya Sony kuingia sokoni mwaka 1979. Septemba 2016 Apple wakatoa iPhone 7 isiyo na tundu lake, na Phil Schiller akapanda jukwaani akasema kilichowasukuma ni ujasiri. Wengi wakafuata. Leo ukinunua simu ya bei kubwa unapewa tundu moja la kuchajia na kusikilizia, na ukinunua kiunganishi cha bei nafuu unagundua kwamba simu nyingine zinataka kiunganishi chenye kitafsiri sauti ndani yake, nyingine zinaridhika na waya mtupu, na muuzaji anakuambia vyote ni sawa. Mimi na simu yangu ya tundu la mviringo hatujafikia ujasiri huo. Na wenye vile vidude visivyo na waya nimewaona. Nimemwona kijana wa suti akiwa amepiga magoti kando ya mtaro, mkono umezama mpaka kiwiko. Iafoni yangu ikidondoka sikioni, inaning'inia kifuani.

Waya huo mnaoudharau ndio antena. Simu nyingi zenye redio ya FM hazina antena ya ndani ya kutosha, zinategemea waya wa iafoni kunasa mawimbi, ndiyo maana ukiifungua redio bila kuchomeka kitu inakuambia uchomeke kwanza. Haisemi uchomeke kitu kizima. Niliwahi kuwa na iafoni nyingine kabla ya hii, iliyokufa masikio yote mawili. Mechi ya Simba na Yanga ikatukuta kijiweni, umeme umekatika, vifurushi vya watu vimekwisha. Nikaitoa mfukoni ile marehemu, nikaichomeka, nikahamishia sauti kwenye spika ya simu. Watu kumi na kadhaa wakaizunguka. Mmoja akapewa kazi ya kushika waya kwa mkono ulionyooshwa juu, na kila alipochoka akashusha, mtangazaji alikwama katikati ya shambulizi na kijiwe kizima kikamtukana. Ile maiti ilitutangazia mechi mpaka filimbi ya mwisho.

Kuhusu mafundo, nitasema kwa kifupi. Kila asubuhi naitoa mfukoni ikiwa imejisuka upya, na kwa muda mrefu nilimshuku mtoto. Kumbe mwaka 2007 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, waliweka kamba ndani ya sanduku, wakalizungusha, wakarudia jambo hilo mara 3,415. Kamba fupi kuliko sentimita 46 hazikufunga fundo. Zilizozidi hapo zilianza kujifunga, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Mwaka uliofuata walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaomchekesha mtu kwanza na kumfikirisha baadaye. Waya wangu una zaidi ya mita moja na mfuko wangu unakaa ndani ya daladala, sanduku linalozungushwa kutoka alfajiri. Nimemwomba mtoto radhi.

Mwishowe nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi. Nilikwenda nikiwa na hukumu tayari, kwa sababu ile marehemu ya kijiweni fundi huyu ndiye aliyeitibu mara ya kwanza, na ugonjwa wake nilikuwa nimeushuhudia: waya umekatikia shingoni, pale unapoingia kwenye pini, mahali panapokunjwa kila siku. Mara hiyo alikata, akavua ganda, ndani zikatoka nyuzi nyembamba kama nywele, nyekundu za kulia, kijani za kushoto, na za rangi ya shaba za kurudia. Nilidhani ataunga hapo hapo. Akawasha kiberiti cha gesi kwanza, akazipitisha motoni. Ile rangi, akaniambia, ndiyo koti lake. Usipolichoma risasi haishiki, utabaki unaunga rangi na rangi. Akaunga, ikasema miezi miwili, ikafa tena, safari hiyo ikaenda kabisa.

Kwa hiyo safari hii nilimwekea iafoni mezani nikamwambia, "Fundi, kata shingo, unganisha upya. Ni ugonjwa ule ule."

Hakushika mkasi. Aliichukua akaichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akaweka wimbo, akanipa sikio moja. Mwimbaji alikuwa nje ya kisima, anang'aka.

"Uliijaribu kwenye simu nyingine, kaka?"

Sikuwa nimeijaribu. Nilikuwa nimejaribu kila kitu kinachojulikana isipokuwa hilo, ambalo ndilo la kwanza, ambalo hata mtoto wangu angelifanya. Ukweli ni kwamba sikutaka. Iafoni niliinunua kwa bei ya sahani ya wali maharage, simu nimeilipia miezi minane. Kati ya hizo mbili nilishajua nani mwizi.

Fundi akaizima simu yangu, akamulika tochi kwenye tundu, akacheka peke yake. Akachukua kijiti cha kuchokolea meno, si pini wala sindano, akaingiza taratibu na kuzungusha. Kikatoka kitu. Akaingiza tena, kikatoka kingine. Akavipanga juu ya karatasi: pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa na kila kubinya kwangu, ngumu kama kigodoro, rangi ya kaki. Nilikuwa nimevaa suruali ya kaki. Pini ilikuwa haifiki mwisho, kila kipande kinagusa mlango wa jirani yake, nami kwa wiki tatu nilikuwa naikaza pamba kwa gumba langu mwenyewe huku nikiituhumu iafoni. Nayo haikujitetea hata mara moja. Fundi alikataa hela, akasema nimpe ya maji.

Jioni hiyo nilipanda daladala kama mfalme. Pini iliingia ikalia *tak*. Nikaketi dirishani, shingo wima, mikono yote miwili mapajani. Kushoto fidla, kulia kinanda, na katikati mwanamke mwenye sauti ya shaba akimsema mwenzake ubeti kwa ubeti, hakubakisha kitu. Kumbe wimbo ule niliokuwa nausikiliza kila siku ulikuwa na maneno makali kiasi kile. Nilifumba macho. Kwa wiki zote za kubinya, nusu ya akili yangu ilikuwa nje, kwenye makelele ya konda. Sasa konda akipita naona mdomo tu unacheza.

Niliposhtuka gari limesimama, limezimwa, ndani nimebaki mimi na konda anayehesabu noti.

"Mzee, nimeita Bima mara tatu. Wapo? Wapo? Wapo? Umenyamaza."

"Hapa wapi?"

"Segerea. Gerezani umejileta mwenyewe, hakimu hata hajakusomea shtaka."

Nikashuka, nikavuka barabara kutafuta gari la kurudi. Kabla ya kupanda nilichomoa sikio la kushoto, nikaliacha lining'inie kifuani.