Kadi Kubwa, Boksi Dogo

Nyumba ya Lushoto haichorwi kama ya Dar es Salaam. Huku Usambara mlango wa mbele uko usawa wa barabara, na wa jikoni unaning'inia juu ya migomba ya jirani. Leta ramani iliyochorwa kwa kiwanja cha tambarare, choo kitakuwa hewani. Ndiyo maana sisi wachora ramani wa milimani hatuwezi kukwepa picha za 3D: mteja auone mteremko kabla mteremko haujamwonyesha.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, ile nyembamba ya maofisini. Kwa mistari ya AutoCAD haikuwa na shida. Programu hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1982, na mpaka leo kuchora mistari kunaitegemea prosesa kuliko kadi ya grafiki. Kazi ilikuwa kuizungusha nyumba. Ukuta unageuka, bati linabaki nyuma likitafakari.

Nikamtuma mpwa wangu Kariakoo, na karatasi mkononi: "Kadi fupi ya boksi jembamba, isizidi wati 75." Wati 75 ndizo tundu la kadi kwenye mazabodi linazoweza kutoa. Kadi ikitaka zaidi, inadai waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na yangu ni ya wati 240, waya huo haina.

Mpwa ni mtu wa gemu. Akanipigia: "Anko, hizo ndogo ni aibu! Nimekuchukulia RTX 3060, gigabaiti 12. Pesa iliyopungua nimekopa kwa baba mdogo." Kabla sijafungua mdomo, salio lake likaisha.

Kadi ikaja na basi hadi Mombo, ikapandishwa Hiace, kona baada ya kona kupitia Soni, imepakatwa na mama mmoja aliyeambiwa ni redio. Alipoikabidhi aliomba tumwashie kidogo asikie taarifa ya habari.

Mtaa mzima ulikuja kushuhudia ufunguzi. Kadi ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko boksi lenyewe. Fundi wa mageti akafika na grainda: "Bosi, tunatoboa dirisha hapa, inachungulia nje." Nikamweleza kwamba hata ikichungulia, inakula wati 170, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Akauliza kama betri ya Fuso itatosha. Babu wa jirani yeye alishangaa feni: "Julai hii watu tunagombania makaa, wewe unaagiza feni?"

Kadi ile ikanunuliwa na kijana mwenye banda la gemu, baba mdogo akalipwa chake. Mimi nikapata kadi ya usanifu iliyotumika, Quadro P1000: gigabaiti 4, wati 47, waya wa ziada haitaki. Quadro mara nyingi hutumia chipu za ukoo mmoja na kadi za gemu. Unachoongezea pesa ni hasa driva zilizojaribiwa na kuidhinishwa kwa programu za usanifu. Ikiwa mpya inauma mfuko. Ya mtumba inaongeleka. Ikaingia, boksi likafunga, bati likaanza kugeuka pamoja na ukuta.

Mteja wangu, mzee mstaafu, akaizungusha nyumba yake, akaingia chumba kwa chumba, akaangalia bonde kupitia dirisha la sebule. Akashusha pumzi: "Safi sana, mwanangu. Sasa nitolee kwenye karatasi. Nyeusi na nyeupe tu, ya rangi ghali."

Basi, ndugu msomaji, kama kazi yako ni mistari mitupu, pesa yako ipeleke kwenye prosesa na RAM. Kama unazungusha nyumba ya kawaida, kadi ndogo ya usanifu inakutosha. Kabla hujalipa, pima boksi kwa rula na usome lebo ya pawa saplai. Na ukilazimika kumtuma mtu Kariakoo, mtume asiyecheza gemu.