Namna ya Kurudi Kyela na Goti Jipya

Anza na msimu. Watu huchagua hospitali, huchagua mpasuaji, huuza kakao na hata ng'ombe, kisha hukubali tarehe yoyote watakayopewa. Kama maumivu yako yanavumilika kwa muda, omba upasuliwe baada ya mavuno ya mpunga, Juni au Julai. Sababu ni tope. Mvua ya Kyela huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu yake kubwa hunyesha Machi hadi Mei. Miezi hiyo mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutoka kingoni, ua mzima hugeuka utelezi, na mwenye magongo mawili hana mkono wa kujishikia. Ukipasuliwa Julai ardhi ni kavu, mpunga umeshaingia ndani, na mvua za kupandia zikifika utakuwa umepata miezi kadhaa ya kujifunza kutembea upya.

La pili ni umri wako. Mwongozo huu nawaandikia wenye miaka 45 hadi 60, ambao goti lao limechakaa mapema: aliyeumia kwenye mpira akiwa kijana akafunga kitambaa na kuendelea kucheza, aliyeangushwa na bodaboda, mwenye baridi yabisi, mama aliyebeba ndoo na mikungu ya ndizi maisha yake yote. Usikubali kuambiwa kwamba goti bandia ni la wazee tu, wala usiamini kwamba ukishawekewa umemaliza. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kwamba katika kila magoti bandia 100, kama 82 hufikisha miaka 25. Kwa bibi wa miaka 75 hesabu hiyo inatosha na kubaki. Kwako haitoshi. Utafiti mwingine wa Uingereza, uliotoka katika jarida hilohilo mwaka 2017, ulionyesha kwamba kwa wanaume waliobadilishiwa goti mwanzoni mwa miaka yao ya hamsini, takriban 35 kati ya 100 watahitaji kupasuliwa tena kabla ya kufa. Kwa waliobadilishiwa baada ya miaka 70 ni kama 5 tu kati ya 100. Wewe una miaka mingi mbele na kazi nyingi za kulichosha goti hilo. Lichukue kama mali ya kutunzwa.

Mali yenyewe ni kofia ya madini ya kobalti na kromiamu juu ya mfupa wa paja, sahani ya chuma juu ya mfupa wa muundi, na kati yake plastiki ngumu inayoteleza. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kuweka magoti ya pembe za ndovu. Yaliharibika, kwa kuwa aliowawekea walikuwa na kifua kikuu cha mifupa na ugonjwa ukayafuata.  Tangu hapo plastiki na chuma vimechukua nafasi ya pembe, ila adui aliyemshinda Gluck hajabadilika: vijidudu. Mkumbuke, tutakutana naye tena shangazi atakapofika na beseni.

Sasa safari. Tuseme umepasuliwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Kutoka hapo hadi Kyela ni zaidi ya kilomita 900 za barabara, na hamu ya kulala kwako itakusumbua kuanzia siku ya kwanza. Ishinde. Kaa kwa ndugu Dar es Salaam mpaka mpasuaji mwenyewe akuruhusu kusafiri, kwa sababu damu ya mtu aliyepasuliwa goti huganda kwa urahisi kwenye mishipa ya mguu, na kukaa kwenye basi kutwa nzima bila kujinyoosha ndiko kunakoikaribisha igande. Ukisharuhusiwa, meza dawa za kuzuia damu kuganda kama ulivyoandikiwa. Kata kiti cha kando ya njia, upande ambao mguu uliopasuliwa utapata nafasi ya kunyooka. Njia nzima chezesha nyayo: vuta vidole kwako, visukume mbele, rudia. Kila basi linaposimama, shuka.

Ila usishuke mahali pa kuchimba dawa porini. Hapo ndipo goti jipya huumbuka, maana kichaka hakina kiti. Mwambie konda asubuhi, mapema, kwa heshima na bila aibu: "Mwanangu, mimi nimebadilishiwa goti, siwezi kuchuchumaa. Nahitaji stendi yenye choo cha kukaa." Makonda wa njia hii wamebeba wagonjwa, majeneza na maharusi, hawashangai. Anayejinyima maji siku nzima ili asimsumbue konda ndiye anayefika Uyole damu ikiwa nzito, na bado ana Tukuyu na mteremko wote wa kwenda Kyela, kando ya Ziwa Nyasa.

Kabla hujafika, nyumba iwe imekwisha kubadilishwa. Jambo hili nalishikilia kuliko mengine yote. Nyumba zetu zimepangwa kwa ajili ya watu wanaokunja magoti hadi mwisho: kigoda cha jikoni, mkeka wa barazani, kitanda kilichochoka kikabonyea, choo cha shimo. Kutembea tambarare kunahitaji goti likunjike kama digrii 70. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida kunahitaji 90 na zaidi kidogo. Kuchuchumaa kunapita 120, na magoti mengi ya bandia huishia kati ya 110 na 120 hata yakifanyiwa mazoezi vizuri. Hakuna ujasiri unaoziba pengo hilo.

Basi mwite fundi seremala wiki mbili kabla ya upasuaji. Akutengenezee viti viwili imara vyenye mikono ya kushikilia, sehemu ya kukalia ikiwa juu kidogo kuliko urefu wa kutoka unyayo hadi goti lako. Cha pili akitoboe katikati. Hicho ni cha chooni, kikae juu ya tundu, na ukutani apigilie ubao wa kushika. Kitanda kiinuliwe kwa matofali. Mikeka ya njiani ikunjwe, kamba ya mbuzi ihamishwe, taa iwe karibu na mto. Fedha ya fundi iingizwe kwenye bajeti ya upasuaji tangu mwanzo, pamoja na nauli. Familia inayochangia mamilioni ya goti kisha ikakosa ubao wa choo imenunua nusu ya goti.

Halafu wageni. Watakuja, na waje. Mgonjwa asiyetembelewa hunyauka. Watakuja wa Ipinda, watakuja wa Matema, watavuka hata wa Malawi kupitia Kasumulu, na kila mmoja atasema "Ugonile" na kukutazama mguu kabla ya uso. Hapa kuna jambo la adabu linalohitaji kupangwa. Mama wa Kinyakyusa aliyelelewa kupiga magoti anapowasalimu wakubwa hatajizuia akimwona baba mkwe mlangoni. Mwili utakwenda chini wenyewe. Kwa hiyo mkubwa wa ukoo mwenyewe atoe kauli mbele ya watu wote siku ya kwanza: "Binti yangu, salamu zako za kukaa nimezipokea. Asikulaumu mtu." Maneno hayo machache yanamwondolea mgonjwa mzigo ambao daktari hawezi kuugusa. Mchungaji naye aseme hivyohivyo kanisani, ili wiki ile ya kurudi ibadani asiwepo wa kunong'ona kwamba anaomba akiwa amekaa. Baadaye sana, kovu likishakomaa, wengine huweza kupiga magoti juu ya mto laini. Wengi hawapendi, kwa sababu ngozi ya upande wa nje wa kovu hubaki na ganzi.

Na sasa shangazi. Anakuja na beseni la maji ya moto, kitambaa, na mafuta, tayari kulikanda goti kama alivyowakanda wazazi wote wa ukoo. Anakupenda kweli. Mpokee, mkalishe, mpe chai, na usimruhusu aguse. Goti lililopasuliwa lina joto lake lenyewe kwa miezi. Ukiongeza moto, uvimbe unaongezeka. Kidonda kikilowa na kukandwa kinafungua mlango kwa yule adui wa Gluck, na vijidudu vikishajishika kwenye chuma, dawa za kumeza mara nyingi hazivifikii. Hapo ni kurudi kupasuliwa, na pengine kung'olewa goti lote.

Lakini shangazi asiondoke mikono mitupu, mpe kazi ya baridi. Barafu ya mjini Kyela ikipatikana, aifunge kwenye kitambaa. Isipopatikana, kuna mitungi ya Wakisi, ile inayofinyangwa Ikombe na kuuzwa gulioni kando ya Matema. Maji yaliyolala kwenye mtungi wa udongo hupoa, kwa kuwa yanavuja kidogo kidogo na upepo unaondoa joto. Achovye taulo, alikamue, alitie ndani ya mfuko wa plastiki ili bandeji isilowe, aliweke juu ya goti dakika 15 au 20, kisha apumzishe. Mara nne, tano kwa siku. Mguu uwe umeinuliwa, kisigino juu kuliko moyo.

Kisigino, nimesema. Mto usiwekwe chini ya goti. Kila mwenye huruma atauweka hapo, kwa sababu goti likikunjwa kidogo maumivu hupungua, na mgonjwa atashukuru. Baada ya wiki kadhaa goti litakuwa limezoea kukunjika na halitanyooka tena, na mtu atachechemea kwa goti la mamilioni. Mto ukae chini ya kisigino, nyuma ya goti pabaki wazi, uzito wa mguu wenyewe ulinyooshe.

Hapa ndipo ninapogombana na upole wetu. Mpasuaji alikunja goti lako mezani ukiwa umelala, akaona linakwenda. Kazi iliyobaki ni yako, na muda wake ni mfupi: wiki sita za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa, halafu hadi mwezi wa tatu. Kovu la ndani bado bichi, linafinyangika kama udongo wa Wakisi kabla ya kuingia motoni. Ukiliacha likauke na umbo baya, utalivunja kwa shida. Meza dawa ya maumivu nusu saa kabla ya mazoezi. Kaza msuli wa paja huku ukisukuma goti chini. Telezesha kisigino kitandani kuelekea makalioni mpaka uchungu ukuzuie, hesabu hadi kumi, rudisha. Inua mguu ukiwa umenyooka. Wiki ya pili tafuta digrii 90. Maumivu ya kuvutika ni ya kazi, na yatatulia ukipumzika. Yasiyotulia, mwonyeshe mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mpe kijana mmoja wa nyumbani, mkaidi kuliko wote, kazi ya kukuamsha kwa mazoezi, na umwapie mbele ya mkeo au mumeo kwamba hutamfukuza. Anayekuletea chai kitandani kila saa anakupenda. Anayeiweka chai mezani barazani na kukusubiri uifuate anakusaidia.

Fimbo ishikwe mkono ulio upande wa pili wa goti lililopasuliwa. Karibu kila mtu hukosea hapo. Ngazi: kupanda, tanguliza mguu mzima, kushuka, tanguliza uliopasuliwa na fimbo. Pombe ya ulezi isubiri mpaka dawa kali za maumivu ziishe.

Mambo yafuatayo hayasubiri asubuhi wala ushauri wa jirani: usaha au majimaji yasiyokoma kwenye kidonda, homa yenye kutetemeka, wekundu unaopanda, shavu la mguu lililovimba na kuuma ukilibonyeza. Nenda hospitali ya wilaya au ya Matema, ile iliyo karibu, na chukua karatasi zako za upasuaji. Kifua kikibana ghafla na pumzi kukatika, tafuta gari dakika hiyohiyo. Damu iliyoganda mguuni inaweza kusafiri hadi kwenye mapafu, na inaua.

Wiki zikisonga, kidonda kikiwa kimefunga kabisa, Kyela inakupa kifaa ambacho hospitali za mjini hukinunua kwa bei kubwa. Ni baiskeli. Wilaya yetu huku chini ni tambarare, na karibu kila ua una moja, ile nzito yenye stendi ya nyuma inayoinua gurudumu likabaki hewani. Iegemeze ukutani, watu wawili waishike, tandiko lipandishwe juu iwezekanavyo. Tafuta isiyo na bomba la katikati ili usirushe mguu. Kaa, weka nyayo kwenye pedali, anza kwa kuzungusha nyuma, nusu duara, mbele kidogo, nyuma kidogo. Usilazimishe. Duara zima linahitaji kama digrii 110, na siku litakapokubali, kwa kawaida la kinyumenyume huanza. Watoto watakusanyika. Waache wahesabu mizunguko kwa sauti. Hilo hutia nguvu kuliko saa ya ukutani. Kila wiki shusha tandiko kidogo.

Barabarani usiende mpaka mpasuaji akubali, na uanze asubuhi, njia kavu, bila abiria. Gunia la mpunga lisipande kwenye keria yako mwaka huu. Kupalilia ndani ya maji umeinama, kuruka mitaro, kubeba kakao begani kutoka bondeni, hayo yagawe kwa vijana na uwalipe. Kama goti la pili nalo limeanza kuuma, na mara nyingi huanza, usiliambie lisubiri kwa kulimezesha vidonge vya dukani. Lipeleke likapigwe picha mapema, na wakikupa tarehe, omba Julai.