Sifa za Tiki

Washairi wamekwisha kuusifu mwezi, karafuu na macho ya wapenzi wao. Hakuna aliyejisumbua kuisifu tiki, ule mlio mdogo mkavu unaosikika pale lupu, kile kipande cha sauti kinachozungushwa, inapoisha na kuanza upya kwenye mashine ya sampo. Huku Mamboya usiku, mashine ya kusaga ikishazimwa, mlio huo hauna pa kujificha. Nami naona wakati wa kuutendea haki umefika. Wilaya yetu ya Kilosa ina moyo mpana kwa mambo haya: mwaka 2015 ndugu zetu wa upande wa Mikumi walimpeleka Profesa Jay bungeni. Wilaya iliyompa rapa ubunge haiwezi kushindwa kuipa tiki heshima kidogo.

Tuanze na nasaba yake, maana wapo wanaoisingizia kuwa ni mtoto wa vumbi au wa waya mbovu. Si kweli. Sauti ni wimbi linalopanda na kushuka, na kila mara linavuka mstari wa sifuri. Ukikata kipande cha gitaa la Mbaraka Mwinshehe wimbi likiwa kileleni, kisha ukalirudisha mwanzo ambako liko bondeni, spika inalazimika kuruka kutoka juu hadi chini bila kupita njiani. Mruko huo ndio tiki. Ni mlio wenye adabu ya kumwambia mtu ukweli usoni: umekata vibaya. Haingoji uondoke ndipo ikuseme.

Halafu kuwahi! Chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika. Mapigo manne yanakula sekunde 2.67 hivi, na kwa mashine inayoipima sauti mara 44,100 kila sekunde, hizo ni hatua 117,600. Tiki itabisha hodi hatua hizo zikitimia, si kabla wala si baada, mara elfu moja kama utaiacha lupu izunguke. Nionyesheni kikao cha kijiji, basi la Gairo au bwana harusi mwenye rekodi kama hiyo.

Kama mwalimu, haina mpinzani. Bila yenyewe nani angekaa mbele ya skrini ndogo kama kiganja, akizungusha gurudumu na kusogeza ncha ya sampo hatua moja moja, akitafuta mahali wimbi linapovuka sifuri likielekea upande uleule linakoelekea mwanzoni? Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, kazi yote inafutika kwenye kumbukumbu ya mashine. Ukiwaka, unapakia sampo upya kutoka kwenye diski, na wa kwanza kukupokea ni nani? Mwalimu yuleyule, hajabadilika hata kidogo.

Wapo wanaodhani wameimaliza. Wanafifisha mwisho wa lupu huku mwanzo ukipanda chini yake, ncha mbili zinapishana, kimya. Tiki haijafa hapo. Imejitanda kanga tu, na ukivaa spika za masikioni utaisikia inavyopumua.

Lakini sifa yake kubwa imo kwenye kuvuta muda. Bendi zetu za dansi hazikupiga kwa kufuata saa. Wimbo ukikaribia chemko, mpiga ngoma naye anachemka, mwendo unapanda. Kipande ulichokata hakitakubaliana na ngoma za mashine mpaka ukinyooshe au ukifinye. Ukikiongeza kasi tu, kutoka 90 hadi 120, sauti nayo inapanda karibu nusu-toni tano, na mzee mwenye besi anageuka mtoto wa chekechea. Vijana wa singeli hawakuliona hilo kuwa tatizo: kwenye studio ya Sisso kule Mburahati walizikimbiza lupu za taarabu kupita mapigo 200 kwa dakika, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikaitoa kelele hiyo duniani kwa jina la Sounds of Sisso. Mimi nawavulia kofia.

Anayetaka kasi ibadilike na sauti ibaki ilipo ndiye anayeiangukia miguuni Akai S950 ya mwaka 1988 na wenzake. Mashine hiyo inaikatakata sauti vipande vidogo mno, kisha inavirudia baadhi ili kurefusha, au inavitupa baadhi ili kufupisha. Sasa fikiria: kila kipande kina ncha mbili, na kila ncha ni mlango wa tiki. Iliyokuwa moja imepata ukoo mzima, nao wanaimba pamoja kwa mlio wa bati linalokwaruzwa. Waliotengeneza mashine walitamani mlio huo usisikike. Watayarishaji wa muziki wa jungle kule Uingereza, miaka ya 1990, wakavuta sauti za waimbaji makusudi mpaka bati lilie, na watu wakalipa kiingilio kwenda kulicheza. Ni wangapi waliotoka kudharauliwa nyumbani wakapata jina ughaibuni kwa haraka hivyo?

Siku hizi programu za simu zinaitafuta sifuri zenyewe, zinapishanisha ncha zenyewe na kuvuta muda bila kukwaruza. Kijana anapanda basi Gairo na kufika Dumila akiwa na biti nzima, hajawahi kuonana na tiki maishani mwake. Namhurumia. Biti yenyewe nimeisikia. Ni kali kuliko zangu zote, jambo ambalo halibadilishi hoja yangu.