Mshauri Ajibu: Orodha Yangu Imerogwa

Mheshimiwa Mshauri, mimi ni kijana wa Subukia, mwenye kuweka hesabu ya kilo za maziwa ya majirani kwa tarakilishi, katika lugha ya Python niliyoianza juzi. Jioni niliandika jana = [12, 9, 15]; kulipokucha nikaandika leo = jana, nipate pa kuanzia, kisha leo[0] = 7, kwa kuwa ng'ombe wa jirani wa kwanza alikuwa mgonjwa. Nilipotazama ya jana, nayo imegeuka 7! Nimemtuhumu mdogo wangu, naye hasemi nami. Je, ni yeye au ni uchawi? — Aliyeemewa.

Ewe Aliyeemewa, si mdogo wako wala si uchawi. Ni alama ya usawa, ambayo wewe ulidhani ni karani mwenye kunakili, ilhali katika lugha hiyo, aliyoitoa hadharani Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991 (wala hakuiita kwa jina la chatu, bali kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, na labda ndiyo sababu yatucheka), kazi yake ni kukibandika jina kitu kilichopo. Panda barabara ipitayo kwenu hadi juu ya bonde, uwaulize wazee juu ya mji ulioitwa zamani Thomson's Falls, kwa ajili ya Mskoti Joseph Thomson aliyepita nchi hizo mwaka 1883, nao leo twauita Nyahururu: je, wamepata kuona mvua ikinyesha Thomson's Falls, na Nyahururu ikabaki kavu? Ukitaka ithibati, iulize tarakilishi leo is jana, itajibu True. Dawa ni leo = jana.copy(), au, kwa wavivu, jana[:].

Kabla wino haujakauka, barua yako ya pili imewasili, yenye hamaki zaidi: wenzako walikwisha kukufundisha kunakili, lakini sasa kila jirani ana orodha yake ndogo ya asubuhi na jioni ndani ya ile kubwa, na maradhi yamerejea. Hapo sikulaumu, kwani ndipo aghalabu hata mahodari hujikwaa. Hiyo .copy() imekununulia daftari jipya, naam, lakini kurasani haikuandika kilo. Imeandika tu "tazama karatasi iliyotundikwa ukutani", na karatasi ni zile zile za daftari la zamani. Ukimwongeza jirani mpya katika nakala, daftari la asili halitamjua. Ukigusa kilo za asubuhi za jirani wa zamani, madaftari yote mawili yatageuka. Andika import copy, kisha leo = copy.deepcopy(jana), nayo itashuka hadi ukutani na kuzinakili karatasi moja moja. Kwa orodha ya tarakimu tupu usijisumbue nayo. Ile ya kwanza yatosha, tena ni nyepesi.

Na leo hii, kabla ya kukamua kwa jioni, nenda ukamtake radhi mdogo wako.