Kumtafuta Katz kwenye karanga

Kwetu Lushoto, Julai ni mwezi wa kukaa jikoni. Ukungu hushuka kutoka Magamba kabla ya magharibi, na kila mtu husogeza kigoda chake karibu na jiko la mkaa. Kwa hiyo baba watoto aliporudi kutoka Tanga na kitabu alichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, hapakuwa na mjadala kitasomewa wapi. Kilikuwa A Walk in the Woods cha Bill Bryson, kilichotoka mwaka 1998. Jalada lilikuwa limepauka na gundi ya mgongo imekauka. Watoto wana Kiingereza cha shule, bibi yao, mama mkwe wangu, hana hata neno. Kazi ikaangukia kwangu: napitisha macho kwenye aya, kisha naisimulia kwa Kiswahili, jiko zima likisikiliza.

Kisa chenyewe ni chepesi kueleza. Bryson, Mmarekani aliyeishi Uingereza miaka mingi, anarudi kwao na kuhamia mji mdogo wa Hanover, New Hampshire. Anagundua kwamba Njia ya Appalachian inapita papo hapo mjini. Njia hiyo ni ya miguu, urefu wake kiasi cha kilomita 3,500, inaanzia Georgia kusini hadi Maine kaskazini, na inakatiza majimbo 14. Bryson anaamua kuitembea. Anawaandikia jamaa zake kwenye kadi za Krismasi akiomba mwenza, na anayeitikia ni mmoja tu: Stephen Katz, rafiki wa ujana wao Iowa, mtu mnene, asiye na mazoezi, mpenda vitafunwa.

Katz akawa mtu wa nyumbani kwetu tangu siku ya kwanza ya safari yao. Siku hiyo, mlima ukiwa mkali na begi likimkata mabega, alianza kutupa vyakula porini kimoja baada ya kingine, hadi karatasi za kuchujia kahawa. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Yeye alikulia milimani huku, alibeba ndizi na maharage kwenda sokoni kwa mgongo na kichwa, na anajua mzigo unavyozidi uzito kadiri njia inavyopanda. "Huyo hajatupa chakula, mwanangu," akaniambia. "Kautupa mlima." Jioni ile maharage yaliungua hadi sufuria ikalazwa na maji, na hakuna aliyenung'unika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nausifu uandishi huu wa kutembea kwa vichekesho. Mashujaa wa vitabu vingine vya safari huondoka wakiwa wakamilifu na kurudi wakiwa wakamilifu zaidi. Msimulizi wa namna ya Bryson anaondoka na mabega laini, begi la kutisha na rafiki mwenye maringo ya chakula, kisha anatueleza kwa ukweli wote kinachotokea watu wawili wanapogawana njia nyembamba, hema lenye unyevu na tambi zilezile kila usiku. Nyumba yoyote yenye jiko moja na watu sita inayajua mambo hayo. Kicheko kinakuja kwa sababu tunajiona.

Kitabu kikagawa nyumba. Kifungua mimba wetu, msichana wa sekondari, alikuwa upande wa Bryson, mpangaji na msomaji wa ramani. Kitinda mimba alikuwa wa Katz. Usiku wa kile kitu chenye macho ya kung'aa kilichosogea mahemani, Bryson akidhani ni dubu huku silaha iliyopatikana ikiwa ni kikatia kucha, kitinda mimba alitaka turudie mara mbili. Baadaye nikamkuta chini ya blanketi, tochi ya simu ya baba yake inawaka, akitafuta neno "bear" ukurasa kwa ukurasa. Ikawekwa sheria: hakuna kuwatangulia wenzako kusoma. Mjomba, anayelala chumba cha uani, ndiye aliyeivunja wa kwanza, na tulimjua kwa sababu alicheka kabla sijafika mahali pa kuchekesha.

Halafu kuna ramani. Baada ya majuma ya jasho na theluji, Bryson na Katz wanaingia mji wa Gatlinburg, Tennessee, wanaikuta ramani ya njia nzima ukutani, ndefu kama futi nne. Sehemu waliyokwisha kuitembea ni inchi mbili. Bibi ni fundi cherehani. Aliinuka, akachukua futi yake, akaipima ukutani futi nne kwa chaki, akaweka alama ya inchi mbili chini kabisa. Tukaitazama. Hakuna maelezo ya umbali yaliyowahi kuwaingia watoto wangu kama alama ile ya chaki. Bryson na Katz nao iliwaingia, wakaruka kipande kikubwa cha njia kwa gari, na jikoni kwetu zikapigwa kura kama huko ni kudanganya. Kura zilifungana.

Bryson anamtaja kwa kifupi mama mmoja, Emma Gatewood. Kifungua mimba akamtafuta zaidi kwenye simu. Mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67 na mama wa watoto 11, Gatewood aliitembea njia yote peke yake kwa viatu vya raba. Vitu vyake alivitia kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, akautupia begani, na kwa mvua alichukua pazia la bafuni. Aliwahi kujaribu mwaka mmoja kabla, akapotea huko Maine na kurudishwa. Alirudi tena. Bibi alisikiliza bila kucheka safari hii. "Watoto kumi na mmoja," akasema. "Huyo mama alikuwa anapumzika." Asubuhi yake pazia letu la bafuni halikuwepo. Lilikuwa juu ya cherehani, limekatwa tundu la shingo na kupigwa pindo.

Balaa lilianza gundi ya mgongo ilipoachia kabisa. Sura za mwisho zilitoka zote, tukazifunga kwa uzi na kuziweka juu ya kabati, kando ya madaftari ya zamani. Madaftari hayo yana mwenyewe: jirani yetu muuza karanga, ambaye kila muhula huyachukua kutengenezea vifuko vya karatasi. Akaja mchana, watu wazima wote tukiwa kazini. Akachukua fungu la madaftari, na fungu la pili lililofungwa kwa uzi uleule. Kufikia jioni Maine yote ilikuwa imeshajazwa karanga.

Na hadithi ilikuwa imesimama mahali pabaya. Bryson na Katz wako kwenye msitu wa Maine uitwao Nyika ya Maili Mia, sehemu ya mwisho na ya upweke kuliko zote kabla ya mlima Katahdin. Katz ametoweka. Bryson anamwita, anarudi nyuma, anakwenda mbele, hakuna sauti. Hapo ndipo karatasi zilipoishia mkononi mwangu.

Bibi hakukubali kulala. "Mtoto wa watu yuko porini," alisema, "na nyinyi mnatandika." Tukamkumbusha kwamba Katz alikuwa ameshapatikana au hakupatikana tangu mwaka 1996, walipotembea. Akajibu kwamba sisi hatujui, na kwa asiyejua mtu bado amepotea. Kwa hilo sikuwa na jibu, na hata leo sina. Ndilo jambo zuri zaidi nililowahi kusikia kuhusu kusoma.

Alfajiri alivaa pazia, maana mvua ilikuwa ya manyunyu, akachukua mfuko wa begani, akatoka. Tulimfuata wote. Jirani, masikini ya Mungu, alikuwa amejaa huruma. Alitupatia vifuko alivyobaki navyo, na kututajia walikokwenda wachuuzi wake: mmoja stendi, mmoja lango la shule, mmoja sokoni, mmoja amepanda na barabara ya Magamba kwa wapasua mbao. Tukagawana. Kanuni ya mjomba ilikuwa rahisi: kila kifuko chenye maandishi ya chapa kinunuliwe, karanga ziliwe njiani, karatasi ikunjuliwe.

Karanga tulizokula siku ile zinatosha. Kitinda mimba alirudi kutoka lango la shule na kurasa zenye mafuta na tumbo linalouma. Kifungua mimba alipata sokoni ukurasa wenye mazungumzo ya kuachana na safari, akasimama katikati ya matenga ya peasi na matunda damu, akalia kwa hasira. Wamekata tamaa! Bila kufika! Baba yake alikwenda Magamba kwa bodaboda na kushuka kwa miguu, kwa sababu wapasua mbao walimpa karatasi tatu bure kwa masharti ya kuwaeleza kwa nini mtu mzima anazitaka. Alisema walicheka kwa ramani ya inchi mbili hadi msumeno ukawekwa chini.

Lakini ukurasa wa Katz ulikuwa stendi. Alikuwa nao kijana mpiga debe. Karanga alishamaliza, karatasi alikuwa anaisoma kwa taabu, kidole chini ya kila neno, anajifunza Kiingereza.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hiyo karatasi ina mtu wetu."

Kijana aliitazama, akamtazama bibi mwenye pazia la maua, akaikunja mfukoni. "Nisimulie kwanza ni mtu gani."

Na Bibi akasimulia. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye benchi la abiria, mbele yake wakiwa makondakta, mama lishe mwenye mwiko mkononi na abiria wa basi la Tanga walioacha kupanda. Alianzia kadi za Krismasi. Hakuruka kitu. Alimfanya Katz apumue kama mtu anayepanda mlima wa Irente na gunia la viazi, na alipofika kwenye vyakula vinavyoruka vichakani, mama lishe alikaa chini. Bibi hajui neno la Kiingereza, lakini alikuwa ameushika mwendo wa hadithi ile vizuri kuliko mimi niliyeisoma. Alijua mahali pa kunyamaza. Dereva alipiga honi, akaambiwa asubiri.

Alipofika Maine, msitu, mtu ametoweka, kijana aliitoa karatasi mwenyewe. Nikaisoma pale pale. Katz yu hai. Alikuwa ameiacha njia kutafuta maji, akapotea, na sasa wamekutana tena, wamechoka, na wanakubaliana kwamba inatosha. Stendi ilishangilia kama timu ya nyumbani imefunga.

Jioni ile jikoni palikuwa na kesi. Kifungua mimba alidai kwamba tumedanganywa: kitabu kizima cha kutembea, na hawakufika Katahdin. Bryson hakuitembea hata nusu ya njia. Baba yake alimpa mfano wa Eric Newby, mtu wa biashara ya mavazi London, aliyekwenda Afghanistan mwaka 1956 na rafiki yake kupanda Mir Samir baada ya siku chache tu za mazoezi ya kupanda mawe huko Wales. Waligeuka kilele kikiwa karibu kabisa, na kitabu chake cha mwaka 1958 kinapendwa hadi leo. Binti hakuridhika. Alisema kupendwa si kufika.

Bibi ndiye aliyetoa hukumu. "Yule Bryson aliandika kadi ngapi?" aliuliza. Nyingi, tukasema. "Na wangapi waliitika?" Mmoja. "Basi. Mnene, hana pumzi, anapenda tamu, na alikuja. Mnataka afike wapi tena?"

Naikubali hukumu hiyo kwa moyo wangu wote, na ndiyo inayonifanya nivitafute vitabu vya namna hii. Vinapima safari kwa aliyekuja na aliyebaki karibu nawe mzigo ulipozidi. Mtu akivisoma peke yake atacheka. Akivisoma kwa sauti mbele ya watu, kila mmoja atamtambua Katz wake, na atamwonea huruma zaidi kidogo kuliko jana. Nawashauri wenye kitabu cha aina hiyo wakisome jikoni, kwa lugha ya nyumbani, hata kama ni lazima wakitafsiri wakienda.

Kitabu kinachofuata kimeshachaguliwa. Ni safari ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1878 kwenye milima ya Cévennes, Ufaransa, akiwa na punda mkaidi aitwaye Modestine, ambaye mizigo yake haikukaa sawa tangu siku ya kwanza. Mpiga debe amealikwa, na jirani wa karanga ameomba nafasi karibu na jiko. Bibi ametoa sharti moja: amekichukua kitabu kabla hatujakifungua, ametia uzi mnene kwenye sindano ya gunia, na amekishona mgongo mara mbili.