Jinsi ya Kufungua Kijiji cha Wastaafu Dodoma

Kiinua mgongo kimeingia. Kiwanja chako cha Ihumwa kimekaa miaka minne kikiotesha migunga. Na shemeji aliyewahi kupita New Zealand kakusimulia kwamba wazee wa huko wanalipia kuishi pamoja kwenye kijiji chao, chenye bustani na kengele ya kumwita nesi. Wazo zuri. Kaa nikuelekeze.

Kwanza, neno "kijiji" lifute. Sheria ya kuandikisha vijiji ya mwaka 1975 ilitaka kaya zisizopungua 250, na wewe una vyumba sita. Isitoshe, wazee wa hapa wanaikumbuka Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu vijijini. Mzee wa Kigogo aliyeacha tembe lake mwanzoni mwa miaka ya 1970, ukimwambia umemtafutia nafasi nzuri kijijini, atakuuliza lori linakuja saa ngapi.

Pili, amua wewe ni nani. Kama ni mwenye huruma, nenda kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya Sheria Namba 24 ya 2002, ukiwa na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi na taarifa za viongozi. Neno "faida" liache nyumbani. Kama faida ndiyo iliyokutoa nyumbani, basi ni BRELA na namba yako ya NIDA, kisha TRA, ambao hawajawahi kuchoka kupokea wageni. Ukiwa na bodi ya wadhamini, RITA. Vyovyote utakavyokuwa, maofisa ustawi wa jamii huwezi kuwakwepa, na wizara yao iko Mtumba, pua na mdomo na kiwanja chako.

Tatu, tafuta sheria inayosema kituo chenyewe kiweje. Hapa beba maji ya kunywa. New Zealand walitunga sheria ya vijiji vya wastaafu mwaka 2003: mwendeshaji lazima akisajili kijiji, amkabidhi mteja maelezo ya gharama na masharti yote kwa maandishi, na mteja akishatia saini ana siku 15 za kazi za kubadili mawazo. Mwaka uleule wa 2003 sisi tulipitisha Sera ya Taifa ya Wazee. Wao waliandika adhabu, sisi tukaandika nia. Na sera yetu inasema matunzo ya mzee ni kazi ya familia, makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho.

Maana yake, mshindani wako sokoni ni mkamwana wa kifungua mimba. Anapika uji, anafua mashuka, anahesabu vidonge vya presha, anaamka saa nane usiku. Hajasajiliwa popote, hakaguliwi na mtu, na siku 15 za kubadili mawazo hakupewa. Bei yake huiwezi.

Nne, wateja. Asiye na ndugu wala uwezo, serikali ina makazi yake, kama Sukamahela kule Manyoni, na halipi. Mwenye uwezo ana watoto, na watoto wanaogopa kuambiwa wamemtupa mama. Nilimjaribu jirani yangu, mstaafu wa reli.

"Mzee, ukipata chumba safi, chakula na nesi wa saa zote?"

"Na mbuzi wangu?"

Sikuwa nimeweka banda kwenye ramani. Wewe liweke.

Tukirudi kwenye sheria, Zanzibar tayari wana Sheria ya Masuala ya Wazee, Namba 2 ya 2020. Huku Bara, sera ilitimiza miaka 20 mwaka 2023 bila sheria yake kutungwa. Ukifika Mtumba kuulizia, niulizie na mimi. Mwakani nagonga 60.