Mtumbwi wa Picha: Tuhesabu Kutoka 8 Hadi 1

Yaya aliyeko Kindu ameomba picha ya soko la Nyangwe. Umepiga moja nzuri kabisa: mitumbwi imepangana ukingoni, akina mama na vikapu vya samaki, Lualaba inang'aa nyuma yao. Unabonyeza kutuma. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka tena. Akina mama wamemaliza kuuza, wamekunja mikeka, wamefika kwao, wamepika; picha bado haijavuka mto.

Kosa si la yaya wala la mto. Mzigo umezidi chombo. Basi tuupakue, tuupange upya, tukianza na aina za faili za picha.

8. GIF
Mzee wa mwaka 1987. Anajua rangi 256. Ya 257 hawajawahi kukutana. Mpelekee kitenge kimoja cha mama wa Kasongo, jasho litamtoka. Kazi aliyobaki nayo ni vijipicha vinavyorukaruka na kucheka. Mwacheni acheze na watoto.

7. SVG
Huyu habebi picha, anabeba maelekezo: chora duara hapa, vuta mstari hadi pale, paka kijani. Ndiyo maana nembo ya shule au ya ushirika wa wavuvi ikiwa SVG huwa na kilobaiti chache tu, na ukiikuza kutoka ukubwa wa kifungo cha shati hadi ukuta mzima haiingii ukungu. Lakini usimpe sura ya bibi aichore kwa mistari. Bibi atakuita nyumbani mkazungumze.

6. HEIC
iPhone zilianza kuhifadhi picha kwa namna hii mwaka 2017. Faili huwa karibu nusu ya JPEG, na hiyo ni sifa njema. Tabu ni moja: vivinjari vingi havimfungulii mlango. Mgeuze awe JPEG kabla hajatoka nyumbani.

5. PNG
Alizaliwa 1996 na hasahau kitu. Kila nukta uliyomkabidhi atairudisha vilevile, kama shangazi anayekumbuka mahari ya ukoo mzima na nani bado anadaiwa mbuzi. Kwa tangazo lenye maandishi, ramani, picha ya kioo cha simu, au nembo isiyo na mandharinyuma, hana mpinzani: herufi hubaki kali, na pale penye rangi moja pana anafupisha vizuri. Mpe sasa mawimbi ya Lualaba. Hakuna wimbi linalofanana na jingine, kwa hiyo hana cha kufupisha, na faili inakuwa mara kadhaa ya JPEG. Kupiga picha ya soko ukaihifadhi PNG ni kukodi lori la kubebea kuku mmoja.

4. JPEG
Kazi nyingi za soko ni za huyu. Tangu 1992 anaishi kwa kulijua jicho la mwanadamu: jicho linaona upesi mwanga na kivuli, lakini tofauti ndogo za rangi hupita bila kuzisalimu. JPEG huigawa picha katika vimiraba vya nukta 8 kwa 8, akapima kila kimoja, akatupa yale ambayo jicho halitayauliza. Kama fundi anayejua mbao ipi haionekani chini ya kiti.

Programu itakuuliza ubora. Jibu 75 au 80. Kati ya 80 na 100 faili inanenepa sana, na yaya hataona tofauti hata akivaa miwani miwili. Ukishuka chini ya 40, vile vimiraba vinaanza kujitokeza usoni mwa watu, na mama mwenye samaki anakuwa ukuta wa matofali.

Onyo moja ninalolitilia mkazo: JPEG hupoteza kitu kila unapomhifadhi upya. Picha iliyofunguliwa, ikakatwa, ikahifadhiwa, ikafunguliwa tena mara kumi ni kitenge kilichofuliwa mtoni miaka kumi. Rudi kwenye ile ya kwanza kila unapotaka nakala.

3. WebP na AVIF
Wadogo wa nyumba: WebP wa 2010, AVIF wa 2019. Google wenyewe husema WebP huwa pungufu ya JPEG kwa asilimia 25 hadi 34 kwa ubora ule ule. AVIF mara nyingi hushuka zaidi. Vivinjari vya leo vinawapokea wote wawili. Kwenye tovuti, watumie. Kwa telefone ya zamani ya mjomba, JPEG.

2. Vipimo vyenyewe
Watu hubishana kuhusu aina za faili, kumbe uzito uko hapa. Simu ikipiga picha ya nukta 4000 kwa 3000, hizo ni nukta milioni 12. Kila nukta hula baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi: megabaiti 36 kabla ya kubanwa. JPEG huishusha hadi 4 hivi. Bado ni gunia.

Yaya anaitazamia kwenye kioo cha simu. Ipunguze iwe 1200 kwa 900, nukta milioni moja na kidogo, na JPEG ile ile itashuka hadi kilobaiti 200 hivi. Ukipunguza upana na urefu kwa nusu, nukta zinabaki robo. Hesabu hiyo inafanya kazi kuliko aina yoyote ya faili. Picha ya mega 4 ikifunguliwa na watu 100 imekula mega 400. Ile nyepesi imekula 20. Na mega hizo wamezinunua kwa franka zao, wengine baada ya kupanda kilima kutafuta mtandao.

Ukiwa hapo hapo, ondoa na taarifa za mahali. Faili ya simu yaweza kubeba mahali kamili uliposimama, na kuna njia na machimbo huko Kabambare ambayo si vema kumwonyesha kila mtu.

1. Ile ya asili
Hapa mzaha nauweka chini. Mwaka 1871 msafiri Mskoti David Livingstone alikuwa Nyangwe, karatasi na wino vimemwishia. Akachukua gazeti la The Standard la Novemba 1869, akaandika juu ya chapa yake kwa wino wa mbegu za mmea wa huko. Humo imo siku ya 15 Julai, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walipolifyatulia risasi soko, akina mama wakakimbilia mitumbwi na wengi wakazama. Livingstone alinakili makadirio ya wafu kati ya 330 na 400.

Wino ule ukafifia, chapa ya gazeti ikabaki nyeusi, maneno hayakusomeka. Wataalamu wakazipiga picha kurasa hizo kwa mianga mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, kompyuta ikatenganisha wino na chapa, na mwaka 2011 maandishi yakawekwa mtandaoni. Kazi kama hiyo haifanywi kwa faili iliyobanwa: tofauti nyembamba kati ya wino uliofifia na karatasi ndiyo JPEG huitupa kwanza. Kwa hiyo hifadhi za kumbukumbu huweka faili za TIFF, nzito na kamili, na msomaji hupewa nakala nyepesi.

Basi nyepesi mtumie yaya Kindu. Ile ya mega 4 iweke kwenye memori kadi, nyingine kwenye flashi katika nyumba ya pili, uandike tarehe na majina ya akina mama waliomo. Usiifute.